Kuangalia Bila Kugusa

Tiba radiolojia ni tawi la udaktari linaloitumia picha ya ndani ya mwili kama jicho la kuongozea mkono. Daktari wake hapasui tumbo wala kifua. Anatoboa tundu dogo kwenye kinena, kwenye kifundo cha mkono au mgongoni, anapitisha waya na mrija mwembamba, kisha anaifuata safari ya vyombo hivyo kwenye kioo cha mtambo wa eksirei au ultrasaundi mpaka afike penye shida. Kabla ufundi huu haujakomaa, kazi hizo zilikuwa za watu wawili: mmoja alitazama, mwingine alitenda. Zilipokutana mikononi mwa mtu mmoja, likazuka swali ambalo wanafalsafa na wanavyuoni wa dini wana haki nalo sawa na madaktari: je, kuona kasoro ndani ya mwili wa mtu kunampa anayeiona ruhusa ya kuirekebisha? Na kama kunampa ruhusa, je, kunamtwika na wajibu?

Msingi wa ufundi wenyewe ni njia iliyochapishwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger, daktari wa Uswidi. Kabla yake, aliyetaka kuingiza mrija ndani ya ateri alilazimika ama kuchana ngozi na kuufunua mshipa, ama kutumia sindano nene ili mrija upenye ndani yake. Seldinger aligeuza mpangilio. Sindano inaingia kwanza, waya laini unapita ndani ya sindano, sindano inachomolewa na waya unabaki, kisha mrija unavikwa juu ya waya na kusukumwa mpaka ndani. Waya ukitolewa, mrija uko mahali pake. Wazo hilo laelezeka kwa pumzi moja, na bado sehemu kubwa ya fani inalitegemea.

Kazi zinazofanywa kwa njia hiyo ni nyingi, ila ukizichambua zinarudi kwenye mambo machache ambayo fundi bomba yeyote angeyatambua: kuzibua, kuziba, kutoa na kupeleka. Mshipa wa mguu uliosinyaa unapanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, kile kimrija cha wavu wa chuma kinachouzuia usijifunge tena. Mshipa unaovuja damu baada ya ajali au baada ya kujifungua unazibwa kutoka ndani kwa vikoili vya chuma, chembe ndogo au gundi. Uvimbe wa kizazi unanyimwa damu mpaka unywee, njia ambayo Jacques Ravina na wenzake wa Paris waliitangaza mwaka 1995. Usaha uliojikusanya kwenye ini unanyonywa. Nyongo au mkojo uliokosa pa kupita unatobolewa mlango mwingine. Dawa ya saratani inapelekwa moja kwa moja kwenye ateri inayoulisha uvimbe wa ini. Mara nyingi mgonjwa hapigwi nusu kaputi; anachomwa ganzi ya mahali pale tu, na anasikia yote yanayosemwa chumbani.

Swali la kuona na kutenda lilijitokeza waziwazi Portland, Oregon, miaka ya 1960. Mwaka 1963 Charles Dotter, daktari wa picha, alikuwa akisukuma mrija kwenda juu kupitia ateri ya nyonga ili apige picha ya mshipa mkuu, mrija ukapenya mahali palipoziba na kupafungua bila yeye kukusudia. Mwezi Juni mwaka huo huo, kwenye mkutano wa madaktari huko Karlovy Vary, Chekoslovakia, alieleza kwamba mrija unaweza kuwa zaidi ya chombo cha uchunguzi na kuchukua kazi ya kisu. Nafasi ya kuthibitisha ilikuja tarehe 16 Januari 1964. Bibi wa miaka 82 alikuwa na vidole vya mguu vinavyooza kwa kukosa damu. Alishauriwa akatwe mguu, akakataa katakata. Dotter alipitisha mirija penye msinyao, mwembamba kwanza kisha mnene juu yake. Mguu ukapata joto, maumivu yakaondoka, na bibi huyo akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake yote miwili.

Si wote waliofurahi. Fomu moja ya kuomba picha, iliyopata umaarufu katika historia ya fani, ilimfikishia Dotter agizo la daktari wa upasuaji kwamba mshipa uonyeshwe lakini usirekebishwe. Ni rahisi kuisoma fomu hiyo kama wivu wa kazi, na wivu huenda ulikuwamo. Lakini mna hoja pia. Aliyeiandika ndiye aliyemsikiliza mgonjwa, akampima presha, akajua anaishi na nani na anahofia nini. Yule wa chumba cha picha ameuona mshipa. Mtu mwenyewe hajamwona. Kutoka kwenye sentensi isemayo kwamba mshipa huu umesinyaa hadi sentensi isemayo kwamba mshipa huu unapaswa kupanuliwa kuna pengo, na wanafalsafa wamelijua pengo la aina hiyo tangu David Hume wa karne ya 18: yaliyopo hayatoshi, peke yake, kuzaa yanayopasa. Katika kisa cha yule bibi, picha haikuliziba pengo hilo. Lilizibwa na kauli yake mwenyewe, kwamba hataki kukatwa mguu.

Hata hivyo, agizo la kuangalia bila kugusa lina udhaifu wake. Linachukulia kwamba kuangalia ni jambo lisilo na dhima, kana kwamba jicho linaingia mwilini na kutoka bila kuacha alama. Historia inasema vingine.

Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kuthibitisha kwamba mrija unaweza kufika moyoni kwa usalama. Mkuu wake alimkatalia. Forssmann akajiingizia mrija mwembamba wa mkojo, kama sentimita 65, kupitia mshipa wa mkono wake, akatembea hadi chumba cha eksirei na kuipiga picha ncha yake ikiwa imefika moyoni. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Kisa hiki husimuliwa kama ushujaa, na utetezi wake ni kwamba mwili ulikuwa wake. Kwa mapokeo yanayouona mwili kuwa amana ya Mungu, Uislamu ukiwemo, utetezi huo haujitoshelezi: mwenye kushika amana naye ataulizwa alivyoitumia. Kinachomtetea Forssmann vizuri zaidi ni kwamba hakumtwika mgonjwa hatari ambayo yeye mwenyewe hajaibeba.

Wagonjwa wa miaka iliyofuata hawakuwa na bahati hiyo. Egas Moniz wa Lisbon alikuwa amefaulu kupiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927, na utafutaji wa dawa bora ya kuifanya damu ionekane ukaendelea. Kuanzia miaka ya 1930 ikaenea dawa iliyoitwa Thorotrast, yenye thoriamu ndani yake. Picha zake zilikuwa safi, na mgonjwa hakuhisi lolote wakati wa kuchomwa. Lakini thoriamu hutoa mionzi na mwili hauwezi kuitoa. Ilikaa kwenye ini na wengu, na baada ya miongo kadhaa baadhi ya watu hao wakapata saratani ya ini. Waliangaliwa tu, na wakadhurika kwa kuangaliwa. Dawa za ayodini za leo ni salama zaidi mno, ingawa mwenye figo dhaifu bado hupimwa kwanza, na eksirei ya kuongozea mkono ikichukua saa nyingi inaweza hata kuunguza ngozi. Kuona ni tendo, na huombewa ruhusa kama matendo mengine.

Kisha liko swali la kile kinachoonekana. Platoni alisimulia juu ya wafungwa pangoni wanaodhani vivuli ukutani ndivyo vitu vyenyewe. Mfano huo umetumika kwa mengi mpaka umechakaa, lakini hapa unafaa bila kulazimishwa, kwa kuwa eksirei ni kivuli kwa maana halisi ya neno. Picha ya mishipa haionyeshi mshipa. Inaonyesha umbo la damu iliyotiwa dawa, yaani nafasi iliyobaki wazi. Ukuta wa mshipa, unene wake na ugonjwa uliomo ndani yake havionekani. Maumivu, hofu na umri alioishi mtu huyo kwa furaha au kwa taabu havina kivuli kabisa.

Madaktari wa moyo wanakitania kishawishi kinachotokana na hapo: jicho likiona msinyao, mkono unajinyoosha wenyewe. Kwa miaka mingi kishawishi hicho kilionekana kuwa busara tupu. Mshipa umebana, mgonjwa analalamika kifua, mshipa ukipanuliwa analalamika kidogo. Nani aulize zaidi? Mwaka 2007 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada ulioitwa COURAGE, wa wagonjwa 2,287 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia. Waliotibiwa kwa dawa pamoja na kupanuliwa mishipa hawakuepuka kifo wala shambulio la moyo kuliko waliopewa dawa peke yake. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza, ORBITA, ulikwenda mbali zaidi. Wagonjwa 200 waliokuwa tayari wakinywa dawa za kutosha waligawanywa mafungu mawili: wa fungu moja wakapanuliwa mshipa, wa jingine wakafanyiwa utaratibu wa bandia, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko fungu gani. Muda walioweza kukimbia kwenye mashine haukutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Mshipa ulikuwa umefunguka kwenye picha. Mbio zilikuwa zile zile.

Mishipa ya figo ilitoa somo kama hilo. Mantiki ilikuwa nzuri: ateri ya figo ikibana, presha inapanda, basi ikifunguliwa presha itashuka na figo itapona. Utafiti wa ASTRAL wa mwaka 2009 na wa CORAL wa mwaka 2014 haukuona faida ya maana kwa wagonjwa wengi waliowekewa stenti juu ya dawa. Vivyo hivyo saruji ya kitabibu inayopigwa ndani ya pingili za uti wa mgongo zilizopondeka: tafiti mbili za mwaka 2009 zilizotumia utaratibu wa bandia zilikuta maumivu yamepungua kwa usawa kwa waliopigwa saruji na kwa wasiopigwa. Haki inataka iongezwe kwamba mwaka 2023 ORBITA-2 ilionyesha upanuzi wa mshipa wa moyo unapunguza maumivu ya kifua kwa wagonjwa wasiokuwa kwenye dawa za maumivu hayo. Hakuna aliyethibitisha kwamba mrija ni bure. Kilichothibitika ni kwamba uzuri wa picha ya baada si ushahidi wa nafuu ya mtu.

Fiqhi ya Kiislamu ina kanuni inayolimulika jambo hili vizuri kuliko istilahi nyingi za kisasa: yakini haiondoshwi na shaka. Huko nyuma imetumika zaidi kwenye udhu, ndoa na madeni. Ikiletwa kwenye chumba cha tiba radiolojia inalazimisha swali: yakini iko wapi? Kwamba mshipa umesinyaa ni yakini, umeonekana. Kwamba msinyao huo ndio unaomsumbua mgonjwa ni dhana. Kwamba kuupanua kutamwondolea taabu ni dhana juu ya dhana. Kosa la fani katika miongo yake ya shauku lilikuwa kuiazima yakini ya sentensi ya kwanza na kuivisha sentensi ya tatu. Na kwa kuwa asili ya mwili wa mtu ni heshima, kuuingilia ndiko kunakodai hoja. Anayeuacha salama hadaiwi kitu.

Kanuni nyingine, ya kuchagua dhara lililo jepesi kati ya mawili, inahusu kazi ya kuziba. Anayeziba mshipa wa uvimbe wa ini anaua nyama hai kwa kukusudia, na pengine chembe chache za ini zima zinakufa pamoja nayo. Wanatheolojia wa Kikatoliki walifika mahali pale pale kwa njia yao: Papa Pius XII, akihutubia wataalamu wa tiba mwaka 1952, alitetea kanuni kwamba sehemu ipo kwa ajili ya mwili mzima na inaweza kutolewa kuuokoa. Katika hili mapokeo hayana ugomvi.

Pagumu ni penye mirija ya figo. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazoumizwa nayo zaidi duniani, ikiachwa hukua na kuibana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zinafura, sumu zinarundikana katika damu, mgonjwa anaanza kusinzia na mwishowe hazinduki. Daktari wa tiba radiolojia anaweza kuzuia hayo kwa muda mfupi na vifaa vichache. Anatoboa mgongoni akiongozwa na ultrasaundi, anaingiza mrija ndani ya figo, na mkojo unatoka kwenye mfuko ulioning'inia ubavuni. Kwa mwanamke ambaye saratani yake bado inatibika, mrija huo ni daraja: figo zinapona, dawa na mionzi vinawezekana. Kwa yule ambaye saratani imeenea na tiba imekwisha, mrija huo unaondoa kifo cha usingizi na kuacha nafasi kwa kifo kingine, chenye maumivu ya mifupa, harufu na damu. Unaweza kumpa miezi. Miezi hiyo inaweza kuwa ya kumwona mwana akifunga ndoa, au ya kulala kitandani akisubiri mrija ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi katika hospitali iliyo safari ya siku nzima.

Picha ya figo za wanawake wote wawili ni moja: kubwa, nyeusi, zimejaa maji. Ultrasaundi haionyeshi ni kwa nani mrija utakuwa daraja. Mapokeo ya Kikatoliki, tangu Francisco de Vitoria katika karne ya 16, yametofautisha njia za kawaida za kuhifadhi uhai, ambazo mtu analazimika kuzitumia, na zile zinazomlemea kupita kiasi, ambazo anaweza kuziacha bila dhambi. Pius XII aliirudia tofauti hiyo mwaka 1957 alipowajibu madaktari wa usingizi. Wanafiqhi wengi wa Kiislamu nao wamehesabu kujitibu kuwa jambo linalojuzu au linalopendeza, na kulifanya wajibu pale tu ambapo kuponyeka kuna hakika au karibu na hakika. Mapokeo yote mawili yanaupima uzito kwa kumtazama mtu anayeubeba, kwa hiyo hayawezi kutoa jibu kabla mgonjwa hajaulizwa. Familia nyingi za Kiswahili huzungumza na daktari nje ya mlango, mama akiwa amelala ndani. Kumficha huitwa huruma, na pengine kweli ni huruma, lakini mfuko wa mkojo utaning'inia ubavuni mwake yeye.

Idhini katika tiba hii ina hatari yake maalumu, nayo inatokana na sifa yake bora. Kisu kinatisha, na hofu ya kisu humfanya mgonjwa aulize. Tundu dogo halitishi. Neno lenyewe, tundu dogo, linamwambia mtu kwamba hata uamuzi ni mdogo. Mshipa unaweza kutoboka, damu inaweza kuvuja kwenye kinena, chembe iliyokusudiwa kwa uvimbe inaweza kwenda pasipokusudiwa. Hayo yakitokea, udogo wa tundu hausaidii kitu. Ukubwa wa kovu haukuwahi kuwa kipimo cha ukubwa wa tendo.

Yapo magonjwa ambamo kusitasita kote huku kunageuka kuwa kosa. Kiharusi cha damu kuganda kwenye ateri kubwa ya ubongo ni mojawapo. Utafiti wa Uholanzi, MR CLEAN, uliochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 500, uliwafuata waliotolewa damu iliyoganda kwa mrija, kazi ikianza ndani ya saa sita. Baada ya siku 90, asilimia 32.6 yao waliweza kujitegemea, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopata matibabu ya kawaida tu. Hapa picha na taabu ya mtu ni kitu kimoja: mshipa ule ndio unaoufisha mkono ule. Anayeona, mwenye uwezo na vifaa, akaacha, ametenda kwa kuacha.

Lakini si kila anayeona ana uwezo na vifaa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ultrasaundi ipo. Usaha wa ini unaonekana, figo zilizofura zinaonekana, na wa kuingiza mrija hayupo. Maadili ya kila mapokeo yanakubali kwamba asiyeweza hawajibiki. Hapo ndipo Imamu Ghazali anapofaa. Katika kitabu chake Ihya, mwishoni mwa karne ya 11, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi ya kifaya: wakijitokeza wa kutosha kuufanya, wengine wameondokewa na mzigo, asipokuwapo hata mmoja, mji mzima una dhambi. Alilalamika pia kwamba miji ya zama zake ilifurika wanafunzi wa fiqhi huku ikikosa tabibu. Kwa hukumu hiyo, daktari wa wilayani anayeona na kushindwa hana lawama. Lawama inapanda ngazi hadi kwa waliopaswa kuhakikisha yupo mwenye kuweza.

Dar es Salaam kazi ya kuwaandaa wenye kuweza ilianza mwaka 2018, wakati wataalamu wa kujitolea wa mpango wa Road2IR walipoanza kufika hospitali ya Muhimbili kwa zamu kufundisha. Mwanzoni walifundisha yale yanayohitaji ultrasaundi, sindano, waya na mrija tu: kuchukua vinyama vya kupima, kunyonya usaha, kufungua njia ya mkojo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza shahada ya uzamili ya miaka miwili katika fani hiyo. Wahitimu wake wa kwanza walimaliza mwaka 2021.